Kopo Lililoandikwa Jozi

Jumatatu, 6 Novemba
Siku kumi na mbili kabla ya msimu wa kuwinda kulungu hapa Wisconsin. Jana baada ya ibada, Lyle, kaka yake mke wangu Marlys, alitangaza mbele ya kahawa na watu wote kwamba mimi hununua risasi dukani kama mtalii wa Chicago. Yeye hujitengenezea zake, akijaza baruti kwenye maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa, chumba kizima chini ya nyumba, kila kopo na kibandiko chake. Watu walicheka. Mchungaji naye.

Hata mimi nilikuwa najaza, hadi Machi, nilipomwaga baruti kwenye zulia na Marlys akaifyonza kwa mashine ya kufagia. Hakuna kilicholipuka. Alipojua ni nini, akatoa hukumu: baruti ikiingia tena humu ndani, bunduki ya marehemu baba yangu inakwenda kwa Lyle. Marlys hana utani.

Kwa hiyo naanza tena kujaza, ila asijue.

Jumatano, 8 Novemba
Nimepata kabati la cherehani kwenye mnada wa kanisa. Likifungwa, ni meza ya kawaida. Ukifunua, mtambo wangu wa kubania risasi unainuka pale pale pa cherehani. Kiwanda kizima kwenye nafasi ya kiti kimoja! Nimelisukuma hadi chumba cha wageni.

Marlys akaingia, akauliza la nani. Nikasema ni lake, zawadi ya Krismasi, asilifungue kwanza. Akanibusu. Mara ya mwisho ilikuwa harusi ya binti yetu. Nilijisikia vibaya kidogo, halafu nikapata njaa.

Ijumaa, 10 Novemba
Maganda ya risasi lazima yang'ae kabla ya kujazwa. Unayatia kwenye pipa dogo linalotikisika, pamoja na maganda ya jozi, zile kokwa za kutia kwenye keki, yaliyosagwa. Maganda yanasugua maganda. Yaliyosagwa nimeyaweka stoo ya jikoni, ndani ya kopo la kahawa, na ili Marlys asishuku nimeandika JOZI. Wala si uongo.

Pipa linanguruma. Nimemwambia ni pampu ya maji, imezeeka. Akasema si pampu peke yake.

Jumatano, 15 Novemba
Chakula cha wawindaji kanisani. Marlys alioka vikeki vya jozi, sinia mbili. Jozi zilimwishia, alisema, lakini kwa bahati akakuta kopo zima stoo.

Nilikuwa na uma mkononi. Nikaurudisha mezani.

Lyle alichukua vitatu. Mlio wa jino lake likivunjika ulisikika hadi jikoni. Alitema kiganjani, akakitazama kile alichotema, akakisugua kwa kidole. Mtu mwingine angedhani ni mchanga. Lyle aliniambia taratibu, "Shemeji, hii si jozi. Hii ni ya kusafishia maganda." Nusu ya wanaume ukumbini wakaacha kutafuna, maana nao walikuwa wameitambua.

Marlys akamwomba kaka yake arudie.

Alhamisi, 16 Novemba
Hakupaza sauti. Alifunua kabati, akauliza kama hii ndiyo zawadi yake. Akaufungua mtambo kwa bisibisi, akanikabidhi kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani, kisha akaibeba bunduki hadi kwenye gari. Mkanda wa bunduki hiyo baba aliushona mwenyewe kwa uzi wa viatu. Iliniuma sana.

Jumamosi, 18 Novemba
Msimu umefunguliwa. Lyle yuko porini na bunduki ya baba, pungufu ya jino moja. Amepiga simu kuniambia inalenga vizuri. Marlys anashona kwenye kabati lake.

Sebuleni kuna kinanda cha marehemu mama mkwe. Hakijapigwa tangu tumzike. Nimekifungua nyuma. Mtambo unaingia bila kubana. Bunduki sina, ni kweli, lakini Lyle hatapata tena cha kusema kuhusu risasi za dukani.

Jozi nimeachana nazo, zina balaa. Sasa natumia magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Kopo nimeliandika UNGA WA MAHINDI.

Marlys anauliza kama tuna unga wa mahindi, aoke mkate wa Sikukuu ya Shukrani. Nimemwambia aangalie stoo, mimi nina kazi.