Kura Zote Dhidi ya Cherehani

Jumatatu, 2 Oktoba

Mwaka wa pili chuoni umeanza. Nimeamua: kabla haujaisha, nitakuwa mwenyekiti wa chama cha mdahalo. Mama, ambaye ni muuguzi na hana muda wa ndoto za watu, ameniuliza kama ule mtihani niliofeli nimeshaurudia. Nikamjibu uongozi hausubiri mtihani.

Kikwazo ni kimoja tu. Mwanafunzi mwenzangu. Tunamwita Cherehani, maana akianza kusema hasimami mpaka nguo imekwisha. Tena haangalii karatasi! Mimi bila karatasi ni samaki nchi kavu. Lakini akili ni nywele, na zangu zinahitaji kinyozi.

Alhamisi, 9 Novemba

Hoja ya leo: simu zipigwe marufuku darasani. Nilikuwa nimeandika kurasa nne za kuunga mkono. Nikajitolea kutengeneza kura za kugawa pande. Vikaratasi viwili, na vyote nikaandika "Kuunga mkono". Ujanja safi!

Kosa dogo: nilimwacha Cherehani aokote kwanza. Adabu itaniua mimi. Akafungua, akasoma. Mlezi wa chama, mhadhiri wa sheria, akasema basi mimi napinga, cha pili hakina haja ya kufunguliwa. Ningelalamika kwa nani? Kikaratasi nikakitia mdomoni.

Nikasoma kurasa zangu nne vilevile zilivyo. Mlezi akasema katika miaka ishirini hajawahi kuona mpingaji aliyeshawishika upesi hivyo.

Ijumaa, 19 Januari

Mkakati mpya: nimekuwa mtunza saa. Mwenye kengele ndiye mwenye ukumbi! Kila msemaji ana dakika saba. Cherehani nikampigia kengele dakika ya nne. Akanitazama, akafunga kwa sentensi moja, akaketi. Ukumbi mzima ukasimama kumshangilia.

Wanachama wameazimia papo hapo: kuanzia leo hotuba zote ziwe dakika nne. Yangu ya wiki ijayo ina kurasa tisa.

Jumamosi, 16 Machi

Mdahalo na chuo jirani. Tukishindwa, tunatolewa mashindanoni. Hoja: wauguzi wasiruhusiwe kugoma. Sisi tunapinga. Cherehani kaamka hana sauti, mafua yamemkaba. Akanikabidhi maandishi yake. Hatimaye!

Nikapanda jukwaani. Nikatazama karatasi. Mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino! Sikuambulia hata neno. Mama alikuwa safu ya tatu, bado na sare ya kazini, kavua viatu anajikanda miguu. Nikaanza kusema habari za ile miguu. Inavyorudi nyumbani imevimba. Siku aliyohudumia wagonjwa arobaini peke yake, akasinzia mezani kijiko kikiwa mkononi. Sikumbuki nilimalizaje. Nakumbuka makofi tu.

Tumeshinda! Cherehani akanong'ona kwa shida: "Siku zote ungesema hivyo, ningekuogopa."

Nimetafakari sana sababu ya ushindi. Ni tai niliyovaa. Ile nyekundu.

Ijumaa, 7 Juni

Uchaguzi. Nilikuja na tai na orodha ya watu wangu. Kabla sijakohoa, Cherehani akasimama.

"Mimi sigombei, nina mitihani," akasema. "Nampendekeza huyu. Mwezi wa tatu alituokoa."

Moyo ukaruka. Kisha nikashtuka. Tangu lini mshindani akakupa kiti? Lazima mguu mmoja wa kiti umeshakatwa! Nikasimama kumpinga. Bila karatasi. Nikaeleza kwamba sifai: sina mpangilio, sisikilizi mtu, nachelewa vikao, barua za chama nazijibu nikikumbuka. Kila hoja na ushahidi wake, na tarehe. Mlezi akasema ndiyo hotuba bora aliyoisikia mwaka huu.

Kura sitini na mbili, zote zimekubaliana nami. Kiti kapewa Cherehani kwa nguvu, huku analalamika.

Nimefika nyumbani mbio. Mama akauliza kama nimekuwa mwenyekiti. Nikamwambia hapana mama, kubwa zaidi: nimemshinda Cherehani! Kura zote! Katika mtego wake kanasa mwenyewe!

Mama amenigusa paji la uso. Sasa yuko chumbani, anatafuta kipimajoto.