Mtaalamu wa Vitu Vilivyopo

Daktari hakuwa daktari wa kitu chochote. Jina hilo alilipata kwa ajili ya miwani yake, na kwa jinsi alivyotikisa kichwa mtu akimweleza shida. Asubuhi hiyo alikuwa mgahawani, chini ya jengo la ofisi, anapooza chai huku masikio yake yakiwa meza ya jirani. Pale mama mmoja wa suti na kaka yake walikuwa wanagombana.

"Mti, dada! Kila kitu cha kampuni kikae chini ya mzazi wake. Idara, chini yake watu, chini yao kompyuta."

"Na kompyuta inayotumiwa na idara mbili utaipa wazazi wawili? Mimi nataka utando. Kila kitu kishikane na kinachokihusu."

"Basi hiyo programu ya kuchora ramani ya kampuni tuirudishe tu. Bila ontolojia haina kazi."

"Tutafute mtaalamu wa ontolojia atuamulie. Tumlipe anachotaka."

Ontolojia Daktari hakuwahi kuisikia, lakini "anachotaka" alilielewa vizuri sana. Akainamia simu chini ya meza, akasoma harakaharaka, kisha akasimama na kufunga kifungo cha koti.

"Samahanini sana, ndugu zangu. Si tabia yangu kusikiliza ya watu. Ila mtu wa ontolojia akisikia mnavyoteseka, chai haipiti kooni."

"Kumbe mpo!" mama akashangaa. "Hebu tuambie, hiyo ontolojia ni nini hasa?"

"Ni kukubaliana vitu gani vipo, mama, na vinahusianaje. Basi. Wengine wanaifanya ngumu ili wawatoze zaidi."

Wakampandisha ofisini, penye meza zinazong'aa na ubao mweupe ukuta mzima. Daktari akamsifu kaka mtu kwa mti wake, akamsifu dada mtu kwa utando wake, kisha akachora mti ambao matawi yamesokotana kama nywele za mtu aliyetoka usingizini.

"Huu ni mti-utando," alisema kwa huzuni ya msomi. "Kampuni ya mwisho kuuona, watu walilia."

Kaka mtu naye akafuta jicho.

Mkataba ukaandikwa palepale. Malipo ya awali yalikuwa manono, na Daktari alishapanga moyoni kwamba yakiingia tu, yeye na ontolojia yake hawataonekana tena mji ule.

"Kuna kautaratibu kadogo," mama akasema kwa aibu. "Wakaguzi wetu wasumbufu. Mtaalamu huacha dhamana mpaka kesho, benki ithibitishe. Hata gari tu."

Gari lililokuwa nje lilikuwa la mama mkwe wake, aliloliazima kwa kisingizio cha kwenda kumwona mgonjwa. Daktari akapima: gari la watu upande huu, utajiri upande ule. Akaweka mezani ufunguo na kadi ya gari, akasaini kila alipooneshwa bila kusoma.

"Mnilindie rangi tu," akasema.

Asubuhi alirudi amenyoa ndevu na kujipulizia manukato. Ofisini alimkuta mwenye jengo peke yake, anasukuma meza ukutani.

"Shikamoo, mzee. Wakurugenzi wamefika?"

"Marahaba. Wakurugenzi gani?"

"Wa kampuni hii. Dada na kaka yake."

"Hapa hakuna kampuni, kijana. Kuna chumba na samani, nakodisha. Na wale ni mtu na mkewe, walikichukua jana tu. Walisema wana mafunzo." Akatazama ubao. "Hicho kichaka ni chako? Kifute, kuna wengine wanakuja."

Daktari alikifuta. Jana yake alikuwa amewafundisha watu kuuliza nini kipo, na yeye mwenyewe hakuuliza hata mara moja. Simu ikalia. Mama mkwe.

"Mwanangu, mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea, mama. Sasa, kuhusu gari... gari lipo, mama. Ila uhusiano wake na sisi ndio umebadilika kidogo."



"Njoo hapa kwa miguu," mama mkwe akasema taratibu. "Tuongee pia kuhusu uhusiano wako na binti yangu."