Sauti ya Tano Katika Kwaya ya Mapokezi

Ndugu Mhariri wa jarida letu la ughaibuni,

Pokea salamu kutoka Al-Sulimaniyah, Riyadh, ninakoandika nikiwa ndani ya gari la bosi, naye bosi yuko kwa kinyozi. Mimi ni dereva kwa riziki na mwalimu wa kwaya kwa kiherehere. Nimesoma tahariri yenu iliyomwita aliyevujisha ujumbe wa siri wa serikali "shujaa asiyejulikana". Imeniuma. Naomba nafasi nimtetee mwenye siri, maana wavujishaji wana watetezi tele.

Kwa wasomaji waliopitwa: Truphena, mwimbaji wetu wa sauti ya pili, alikuwa amekwama mtaa wa Karantina, Jeddah. Kafili wake, yule mwajiri mdhamini, alikwisha kumwachilia, ila pasipoti ilipotea, na bila karatasi ya kusafiria hapandi ndege. Mama yake akafariki huko Vihiga, mazishi yakapangwa Jumamosi. Kila akienda ofisi ya ubalozi wetu, jibu ni, "Karatasi bado, dada." Ndipo ikavuja sauti ya Bwana Hezekiah, Afisa wa Mapokezi wa ubalozi, akiiambia kamati yake, ambayo nami ni mwanachama wake: "Karatasi za Truphena na wenzake ziko tayari, lakini msiwape. Mgeni wetu kutoka nyumbani anafika Jumatatu, atawakabidhi mbele ya kamera. Na anayetaka kulia, alie akiangalia kamera."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Serikali isiyo na siri haina heshima. Hata mimi nina siri zangu nyumbani. Mke wangu Magdaline anazijua zote, lakini hazitangazi kwenye grupu.

2. Njia iliyotumika ni ya aibu. Wengi wa waimbaji wangu ni kina dada wanaoishi kwa waajiri, na madam hatoi ruhusa ya mazoezi. Kwa hiyo mimi hurekodi kila sauti, nawatumia kwa simu, nao hujifunza wakipiga pasi. Basi kuna mtu, Mungu anamjua, akaipachika sauti ya Bwana Hezekiah mara tu baada ya besi. Rita wa Al-Nuzha, mwanafunzi mtiifu, akadhani ni sauti ya tano. Akaifanyia mazoezi asubuhi nzima, kisha akauliza kwenye grupu: "Mwalimu, hapa kwa 'alie akiangalia kamera' tunapanda ama tunashuka?" Brayo wa besi akamjibu: "Hapo tunaenda ofisini, dadangu. Yalla!" Truphena na wenzake wakaenda kweli. Wakaifungulia sauti ile dirishani, simu ikipiga kelele kama muuza samaki, na karatasi zikapatikana kabla chai ya karani haijapoa. Je, huo ni utaratibu?

3. Sherehe imeharibika. Mgeni alifika Jumatatu akakuta bango, maua, kwaya, na hakuna hata mtu mmoja wa kuokolewa. Ikabidi aokolewe Brayo, mwenye ikama halali ya ukaazi na kazi nzuri. Alikabidhiwa bahasha tupu, akalia vizuri sana, akiangalia kamera.

4. Wapo wanaosema siri nyingine hulinda watu na nyingine hulinda picha. Ni kweli Zipporah wetu alimtoroka mwajiri aliyekuwa akimpiga, ofisi inajua alikofichwa, sisi pia tunajua, na hakuna aliyethubutu kupataja, hata Brayo ambaye mdomo wake hauna kifuniko. Lakini hoja hii inadhoofisha barua yangu, kwa hiyo naipita haraka.

5. Tabia ya kujua huambukiza. Leo wamejua karatasi iko tayari. Kesho watauliza ilikuwa tayari tangu lini. Keshokutwa watauliza ni nani aliyesema izuiwe. Nchi itaongozwaje na watu wanaojua mambo? Napendekeza siri zifichwe hata kwa wenye siri, ili afisa asijue anachosema. Najua kuna watakaosema mpango huo ulianza zamani.

Bwana Hezekiah amenikabidhi kazi ya kumtafuta mvujishaji, kwa kuwa simu ya kwaya naishika mimi. Uchunguzi unaendelea kwa ukali. Tayari nimejihoji mwenyewe, na majibu yangu yameniridhisha.

Nisalimie wote hapo ofisini kwenu, hata aliyeandika ile tahariri. Bosi anatoka, kichwa kinang'aa. Halas, naishia hapa.

Wako katika kuheshimu mihuri na makabati,
Mwalimu Elkanah

Nyongeza: Truphena ametutumia sauti kutoka Vihiga. Makoleo ya kaburini yanasikika, wimbo unasikika, na yeye yumo ndani ya sauti ya pili, analia bila kamera. Nimeirudia mpaka simu ikaisha chaji. Sasa Zipporah naye kila siku anaambiwa, "Karatasi bado, dada." Kama kuna mtu kule ubalozini mwenye sauti yoyote inayomhusu, anitumie mimi, sitauliza ametoa wapi. Ikifika kabla ya saa ya pasi, nitaiweka palepale, baada ya besi.