Tai ni Lazima

Jumatatu, 4 Machi

Maonyesho ya picha! Jumamosi hii, saa nne asubuhi, maktaba. Tangazo limebandikwa mlangoni, na Katibu wa chama chetu cha wazee amelituma pia kwenye simu zetu. "Ndege, Maumbile na Sanaa za Dunia." Kila mshiriki alete picha moja aliyoipiga mwenyewe. Itakayoshinda itatundikwa ukumbi wa kusomea na kubaki hapo, na chini yake kibao chenye jina la mpigaji.

Hapo kwenye kibao nimesoma mara tatu. Miaka thelathini na moja katika mji huu wa ugenini, jina langu halijawahi kuandikwa sawasawa mahali popote. Kliniki wanapunguza herufi. Watu wa umeme wanaongeza. Sanduku la barua hapo chini bado lina jina la mpangaji aliyehama kabla yangu, na siku hizi nikiitwa hivyo naitika. Kibao ukutani, herufi zote, hakuna iliyozidi! Nakitaka. Sijataka kitu namna hii tangu nilipotaka kuoa.

Mwisho wa tangazo, herufi nene: TAI NI LAZIMA KWA WANAUME.

Ajabu. Wanawake walete ndege yeyote, wanaume tai tu? Nimelifikiria tangu chai hadi chakula cha mchana na nimeuona ujanja wake. Katibu alikuwa mwalimu. Anatujua. Wanaume tukiachiwa uhuru tutaleta picha arobaini za njiwa wa stesheni. Ametupa mtihani. Sawa, Mwalimu!

Kamera ninayo, zawadi ya binti yangu. Tai sina. Atapatikana.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi nzima maktaba, na kitabu kikubwa cha ndege. Sikujua kitu! Jicho la tai halizunguki vizuri, ndiyo maana hugeuza kichwa kizima, kama karani unayemuuliza swali asilolipenda. Miguu ina manyoya hadi vidoleni. Na kiota chake hakijengi upya. Hurudi kwenye kile kile kila mwaka, anaongeza vijiti, mpaka kinakuwa kizito kama gari na tawi linavunjika. Hapo nimekaa muda mrefu. Mimi nimeishi nyumba sita katika mji huu, na hakuna niliyoiongezea kijiti.

Nikamwendea mkutubi, mwenyeji wa hapa, dada mrefu mwenye miwani ya mnyororo. Lugha yetu hana, yake ninayo ya kuokoteza. Nikatanua mikono, nikapiga mabawa. Akaelewa haraka mno. Akanionyesha ramani: tai wa karibu yuko milimani, safari ya siku mbili. Siku mbili kwenda! Basi aje yeye.

Jioni binti yangu alikuwa akivaa viatu aende zamu ya hospitali. Akauliza, "Baba, lakini una tai wewe?" Nikamwambia bado, natafuta. Akasema hapo karibu na kazini kwao kuna duka, zipo za kila rangi, aniletee? Picha za kununua! Nikamwambia kwa utulivu kwamba baba yake hajawahi kudanganya kwenye mashindano, na kwamba tai huyu nitamnasa kwa mikono yangu. Akanitazama kama anavyowatazama wagonjwa wake. Akafunga mlango polepole.

Nimenunua maini nusu kilo.

Jumatano, 6 Machi

Juu ya paa bapa la jengo letu tangu saa kumi na mbili asubuhi. Maini katikati ya sakafu ya zege, mimi nyuma ya kamba za nguo, nimejifunika shuka la jirani wa ghorofa ya tano. Kitabu kinasema tai huona nyama toka mbali sana. Nikangoja aone.

Saa moja: kunguru wawili. Wakaja, wakanitazama, wakazungumza, wakaondoka. Saa mbili: hakuna. Saa tatu: paka wa jirani. Paka akala maini yote, akatapika kwenye shuka nililovaa.

Jirani akapanda na kikapu chake. Aliyoyasema sitayaandika yote. "Mzee mzima!" lilirudi mara nyingi. Nilimweleza habari za macho ya tai. Akataka shuka.

Mchana akaja Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu. Alikuwa mhudumu wa hoteli kubwa miaka ishirini na minne, mpaka leo ukimpa chai anakagua kikombe kwanza. Naye anashiriki Jumamosi! Tangu tufahamiane hajakosa kushiriki jambo ninaloshiriki. Hata nilipoumwa mgongo, wiki ile ile naye akaumwa.

Nikamuuliza kwa ujanja, huku nikimmiminia chai, kama ameshapata tai. Akacheka. "Mimi? Ninazo tatu kabatini. Moja ya mistari."

Kwanza nikastuka: tatu! Pili nikamsahihisha. Kwetu nilikuwa msomaji prufu wa gazeti, siwezi kupita kosa nikaliacha limelala. Nikamwambia tai ni kiumbe hai, shemeji, kwa hiyo ninao watatu, na mmoja ni wa mistari. Hasemi mtu tai yangu, husema tai wangu.

Akaacha kunywa. Akanitazama, akatazama kamera mezani, akatazama kitabu cha ndege. Kisha akasema kwa adabu kubwa, "Kweli kabisa, shemeji. Tai wangu. Ahsante kwa kunifundisha." Akaomba sukari zaidi. Mabega yalikuwa yakimtetemeka. Kifua kile atakipeleka hospitali lini?

Baadaye nimetafuta kitabuni tai wa mistari. Hayumo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempata! Nimepoteza jino, lakini nimempata!

Nilikuwa nimekata tamaa, nimesimama mbele ya posta ya zamani nafunga kamba ya kiatu. Nikainua uso. Juu ya paa: tai. Wa jiwe. Mabawa wazi, uso wa hasira, mkubwa kama kabati. Na tangazo linasema "na Sanaa"! Nimepita chini yake miaka thelathini na moja nikiangalia ninapokanyaga.

Kutoka chini anaonekana kidevu tu. Lakini ng'ambo ya barabara, ghorofa ya nne, kuna dirisha lililomkabili. Nikapanda. Kliniki ya meno. Dada wa mapokezi akasema chumba kile ni cha wagonjwa peke yao. Nikashika shavu. Nikaguna. Nadhani niliguna vizuri, kwa sababu dakika kumi baadaye nilikuwa kwenye kiti, dirisha mbele yangu, kamera tumboni chini ya aproni.

Daktari akanifungua mdomo, akachungulia. Akasema nimefanya vyema kuja. La nyuma kulia limeoza, litoke leo. Nikajaribu kueleza kwamba sina jino linalouma, nilikuwa natania. Lakini sindano ilishaingia, na kilichotoka mdomoni ni mate.

Ndipo nikaona. Chini ya bawa la kushoto la tai kulikuwa na vijiti. Njiwa akatua begani pake, akatembea kwa raha kama mwenye nyumba, akainama. Vikatokea vichwa viwili, midomo wazi. Makinda! Tai amekunja uso miaka yote hiyo, anatisha mji mzima, na kwapani mwake njiwa amehamia na kulea.

Nikatoa kamera. Daktari akasema nitulie. Nikanyoosha kidole dirishani. Akageuka na koleo lake mkononi, akaangalia. Akaangalia muda mrefu. Kisha akaisogeza taa yake kubwa pembeni isiakisi kwenye kioo, akanishika kiwiko kisitikisike. Nikapiga mara nne.

Halafu akang'oa.

Ijumaa, 8 Machi

Shavu kama embe. Siongei. Binti yangu anasema nyumba haijawahi kuwa na amani hivi.

Picha imetoka dukani. Ya tatu ndiyo nzuri. Jicho la jiwe, jicho la njiwa, midomo miwili ya makinda. Nimeipa jina na kuliandika nyuma kwa penseli: "Tai wa Jiwe na Wapangaji Wake." Nimelisoma kutafuta kosa. Hakuna.

Shemeji amepiga simu, eti kujua hali. Akauliza tai wangu anaendeleaje, amelala, amekula? Nikaguna. Akauliza kesho nitamvaa au nitambeba? Watu wengine uzee unawaingia ghafla.

Jumamosi, 9 Machi

Nianze mwanzo.

Nilifika wa kwanza. Suruali iliyopigwa pasi, shati jeupe, kifungo cha juu kimefungwa. Wenzangu wakaanza kuingia, na nikapendezwa: wanaume wote wamevaa kama wanaenda kuposa. Koti, na shingoni kitambaa kimening'inia. Nikasema moyoni, wametia bidii kwenye nguo ili kuficha picha.

Na picha zenyewe! Daraja. Waridi. Kikombe cha kale. Shemeji alileta picha ya heroe, ndege wa plastiki kutoka uani kwa kinyozi. Nikazunguka ukumbi mara mbili. Hakuna tai hata mmoja! Wanaume kumi na wawili, wote wamekiuka sharti, nimebaki mimi. Moyo ulinidunda hadi kwenye pengo.

Nikamwendea Katibu. Nikamwambia, Mwalimu, samahani, si kwamba napenda kuchongea, lakini sheria ni sheria. Hawa wote waondolewe.

Akauliza kwa lipi. Nikasema hawana tai.

Akawatazama mmoja mmoja. Akanitazama mimi, kuanzia kidevuni kushuka. "Mzee mwenzangu," akasema, "asiye na tai humu ndani ni wewe."

Nikamwonyesha picha. Nikagonga kidole juu ya mdomo wa tai, kwa fahari.

Kisha mtu nyuma yangu akapumua kwa nguvu kama gurudumu linalotoka upepo, na ukumbi mzima ukalipuka. Mkutubi, asiyejua neno letu hata moja, alicheka kwa sababu wengine wanacheka. Katibu alivua miwani akafuta machozi.

Sikukubali! Nikasema kosa ni la mwandishi. "Tai ni lazima" haina kiambishi cha kututofautishia. Angeandika "tai ivaliwe", tungeelewana wote. Katibu akasema wote wameelewana. Na sharti liko pale pale, bila tai hakuna kupanda jukwaani, na picha isiyopandishwa haihukumiwi.

Basi. Nikaanza kuifunga picha kwenye karatasi yake. Sitasema nilijisikiaje. Nilikuwa nafikiria sanduku la barua.

Shemeji akanishika bega. Akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa tai. Ya mistari. Akasema amekuja nayo makusudi, alijua tangu Jumatano. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nilifungua mdomo ukanisahihisha. Nikaona nisome kwanza." Akanifunga mwenyewe, kwa vidole vya hoteli. Alipomaliza akaikaza kidogo na kusema hivi ndivyo dada yake alivyokuwa akinifunga siku za mikutano gazetini. Hakukosea. Hata mkazo ulikuwa ule ule.

Nikapanda.

Mkutubi ndiye aliyehukumu. Akapita mbele ya daraja, waridi, kikombe. Kwangu akasimama. Akasogea. Akahesabu makinda kwa kidole, moja, mbili, kisha akatazama dirishani kuelekea posta ya zamani, kama mtu aliyeambiwa ana ndugu mtaa wa pili.

Nimeshinda. NIMESHINDA! Shemeji alipiga makofi kuliko wote, kisha akawaambia watu kwamba nimeshinda kwa tai yake. Sikumsahihisha. Ilikuwa sahihi.

Jumanne, 12 Machi

Kibao kimewekwa leo asubuhi. Cha shaba nyepesi, skrubu mbili. Nilimchukua Shemeji twende tukakione.

Jina langu. Nililifuata kwa kidole, herufi kwa herufi. Zote zipo. Hakuna iliyozidi. Miaka thelathini na moja! Shemeji akatoa kitambaa, akajifanya anapenga kamasi.

Kisha nikasoma mstari wa juu. "Tai YA Jiwe na Wapangaji Wake."

Ya! Nikapiga simu kwa Katibu pale pale. Akasema amebadilisha makusudi, maana jiwe halina uhai. Nikamwambia umbo ndilo linaloongoza upatanisho, Mwalimu, na kwamba alivyoandika ni shingo iliyofungwa tai ya zege. Akasema baada ya Jumamosi alidhani nitakuwa nimelichoka neno hilo. Akakata.

Shemeji akanisihi. "Liache, shemeji. Jina lako lipo, soma jina, twende tukanywe chai." Nikamwambia jina sahihi chini ya kosa ni kama kutia saini kosa. Nikamwendea mkutubi, nikamchorea tai wa kuruka na tai ya kuvaa, nikakata ya pili kwa mistari miwili. Msikivu sana yule dada. Akaleta bisibisi, akakifungua kibao, akakitia kwenye bahasha. Kitarudi kiwandani. Lakini Katibu lazima aidhinishe maneno mapya, na Katibu amesema litakwenda Kamati, na Kamati hukutana mara moja kwa mwaka, nayo imekutana Februari.

Ukutani sasa kuna picha yangu na matundu mawili ya skrubu. Shemeji ameondoka bila kuaga. Nimeanza barua kwa Kamati. Kurasa nne, na sijafika kwenye hoja.

Kabla sijatoka, mama mmoja mwenyeji alisimama mbele ya picha, akaitazama hadi akavua kofia. Akanigeukia, akauliza ni nani huyu aliyeipiga.

Nikamwambia avute subira. Kibao kinasahihishwa.