Maji ya Kijani ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti
Mama mkwe amesafiri kumuuguza dada yake. Siku tisa. Tangi lake la samaki ameniachia mimi! Si mwanyumba wangu, yule fundi bomba aliyemwoa dada wa mke wangu. Yeye mama humwita "mwanangu" asubuhi na jioni. Mimi mwaka wa sita huu naitwa "wewe". Akikuta samaki wazima na maji maangavu, lazima nami niitwe mwanangu. Nimeapa! Tatizo dogo: kioo kina ukijani kidogo. Mke wangu anasema ni mwani tu, niuache. Siuachi.

Jumanne, 5 Agosti
Nimewaza. Godoro likiota ukungu tunalianika. Basi nimeliburuta tangi hadi dirishani, lipate jua lote la saa sita. Mgongo ukalia ko! Samaki nimewalisha mara tatu, wapate nguvu ya kuula huo mwani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Alhamisi, 7 Agosti
Sielewi. Sasa maji yenyewe yamekuwa kijani! Samaki walikuwa watano, leo nimeona wawili na mkia. Mwanyumba alipita, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema nipunguze mwanga, nipunguze chakula, nibadilishe maji kidogo kidogo. Ati samaki wa mama mkwe wakae gizani na njaa! Huyo anataka niumbuke. Kazi yake vyoo, samaki kawajulia wapi? Nilimshukuru kwa adabu. Alipotoka nikawaongezea chakula.

Ijumaa, 8 Agosti
Balaa. Ukitia mkono majini huuoni. Mke kanuna. Mama mkwe kapiga simu, kauliza samaki wake wanaendeleaje. Nikasema hawajambo, wanakusalimu. Samaki wanakusalimu! Kisha nikasikia mwanyumba anakuja kesho kupiga picha amtumie mama. Nimelifunika tangi zima kwa blanketi zito, nikalifunga kamba. Nitasema wamelala. Na chakula basi, nimewasusia.

Jumanne, 12 Agosti
Jumamosi nilimwambia mwanyumba samaki wamelala, akaondoka bila picha; blanketi sijalifungua tangu Ijumaa. Leo mama mkwe karudi siku moja kabla! Akauliza blanketi la nini. Mwanyumba, kwa kimbelembele chake, akakata kamba akalivuta. Nikafumba macho nikaanza kutubu. Nikafumbua jicho moja. Maji meupe pe! Samaki wote watano wanazunguka. Mama akanishika mkono, akasema ahsante, mwanangu. Mwanangu! Mbele ya fundi bomba! Nimelia, sifichi. Mwanyumba akadai ni giza na njaa, ndiyo yale aliyoniambia. Mama akamwambia aache husuda.

Jumatano, 13 Agosti
Sikujua maji yalitakataje. Nimetafakari tangu asubuhi, na sasa nimeelewa. Blanketi! Samaki walikuwa wanasikia baridi, na baridi ndiyo inayoleta mwani. Nimemweleza mama, ameniamini neno kwa neno. Tumenunua taa mbili kubwa za kuwapasha joto, ziwake mchana na usiku. Chakula mara nne, maana mwenye shibe hasikii baridi. Mwanyumba amekaa kwenye ngazi, kajishika kichwa. Maskini, wivu utamuua.