Uzito wa Cheo

Saa saba kamili mchana redio ilitangaza kwamba serikali ya kijeshi imekwisha kuwashinda maadui wote wa taifa isipokuwa mmoja, naye ni kitambi. Kuanzia siku ile kila mtumishi wa umma mjini Kampala atapunguza kilo nne katika wiki sita. Ndizi za matoke, mchuzi wa karanga, nyama ya mafuta na sukari vilipigwa marufuku. Sukari ilikuwa haijaonekana madukani tangu mwaka uliopita, kwa hiyo sehemu hiyo ya amri ilitimizwa papo hapo, na wahusika wakapongezwa.

Idara ya Maghala, pale Old Kampala, ikaundiwa Kamati ya Kupunguza Miili. Mwenyekiti wake alikuwa Meja Kamis, ambaye akiingia ofisini tumbo lilitangulia kusalimia.

Mfagiaji wa idara, Bi Rahima, alikuwa mjane wa kilo arobaini na nne. Aliuliza kwa adabu kama amri ile inamhusu na yeye. Aliambiwa kwamba serikali haibagui, na wembamba nao ni wananchi. Asiyepunguza ataachishwa kazi. Kwake yeye maana yake ilikuwa pia kutoa vyombo vyake katika kile chumba cha uani, alichokaa tangu enzi za marehemu mumewe, mlinzi wa maghala. Hakuwa na kwingine pa kwenda.

Meja alimwita mbele ya kamati.

"Mama, kitabu inasema miaka kumi wewe iko kilo ile ile. Unafanya nini?"

Bi Rahima akaeleza, kwa kuwa ameulizwa. Akishaswali alfajiri hutembea mpaka Kasubi, kwenye matuta yake matatu ya mchicha, akarudi kwa miguu. Hula maharage, mchicha, muhogo, na matoke yakipatikana, na huacha kula tumbo lingali na nafasi. Jumatatu na Alhamisi hufunga kwa ajili ya Mungu, ambaye hajamwuliza kilo zake hata siku moja.

"Na hiyo iko dayati gani?"

"Si dayati, afande. Ndivyo ninavyoishi."

Kamati ilijadiliana saa mbili, kisha ikaandika: uzito mkaidi.

Makarani walifuata amri kwa moyo wote. Jumatatu walikunywa maji ya moto na ndimu. Jumatano wawili walizimia kwenye masijala, wakaandikwa kuwa mfano wa kuigwa. Jumamosi kila mmoja alijifungia kwake akala cha wiki nzima kwa mikono miwili, na Jumatatu akarudi mzito kuliko alivyokuwa. Bi Rahima aliwatazama wakipanda ngazi kwa kushika ukuta. Alisema moyoni kwamba hata mbuzi ana akili ya kula kidogo kila siku.

Mizani ilitoka ghalani, na mpimaji alikuwa Kasereka, Mkongo wa Beni aliyepima kahawa miaka kumi na mitano. Mpima kahawa ana desturi moja: akisoma mizani hutoa uzito wa gunia, ndipo anaandika. Ijumaa ya kwanza Meja alipopanda, mshale ulisimama kwenye mia moja na kumi na mbili. Mkono wa Kasereka ukatoa gunia wenyewe, kwa mazoea: nguo, buti na mkanda, kilo nane. Akaandika mia na nne, kisha akashtuka, akangoja kupigwa.

Meja alitabasamu. "Hii mtu anajua kazi yake."

Ijumaa ya pili gunia lilikuwa bastola na medali, kilo tisa zaidi. Ya tatu uliongezwa uzito wa cheo, kilo ishirini. Ya nne, mawazo ya taifa kichwani, kilo ishirini nyingine. Ya tano, siri za jeshi, kilo kumi na nne. Mshale ulibaki pale pale ulipoanzia, ila kitabu kilisema kilo arobaini na moja, na redio ikamsifu Meja kuwa nguzo ya wembamba. Ukutani Meja alibandika tangazo: mizani ya serikali haikosei, na kitabu chake hakikosei. Atakayebisha ni mhujumu uchumi.

Kasereka alimwonea huruma Bi Rahima. Alimnong'oneza kwamba buibui lake nalo ni gunia, angeweza kulitolea kilo nne bila mtu kujua.

"Mungu atajua, mwanangu," alisema. "Andika arobaini na nne."

Ijumaa ya sita barua yake ya kufukuzwa ilikuwa mezani ikingoja saini, naye vyombo alikwisha kuvifunga. Ndipo akaingia Kanali kutoka makao makuu, na kitabu cha mizani kwapani. Alisoma kilo arobaini na moja, kisha akaeleza kwa sauti ya upole kwamba sheria ya jeshi hairuhusu askari wa chini ya kilo hamsini. Meja Kamis amekonda kupita kiasi. Jeshi linamshukuru, na linamwachisha kazi kwa sababu za afya. Arudishe gari, nyumba na bastola.

Meja alilishika tumbo lake kwa mikono miwili, kama shahidi. "Afande, niangalie!"

Kanali alilitazama tumbo. Kisha akatazama tangazo ukutani. "Unabisha kitabu?"

Meja akageuka huku na huku, mpaka macho yakamwangukia mwenye ufagio.

"Mama Rahima, wewe iko mtu ya dini. Waambie. Mimi nakula au sikuli?"

Bi Rahima aliweka ufagio chini. "Kila adhuhuri nilimpelekea sinia ya matoke na mchuzi wa karanga, afande, imefunikwa kwa faili la siri. Na kila adhuhuri ilirudi nyeupe."

Kanali akaitikia kwa kichwa. Alieleza kwamba aliyekula matoke amevunja amri, na gari lisilo na namba linamngoja nje. Asiyekula ni mwembamba, na atakwenda zake nyumbani.

"Sasa Meja, huyu mama amesema kweli?"

Meja alichungulia dirishani. Gari lilikuwepo, la aina ile ambayo abiria wake hawarudi.

"Mama iko mzee, amesahau," alisema taratibu. "Mimi sikula. Mimi mwembamba."

Kamati ilikosa mwenyekiti, na barua ya Bi Rahima ikakosa saini. Vyombo vikafunguliwa.

Asubuhi ya Jumatatu, akirudi kutoka Kasubi na fungu lake la mchicha, alimkuta Kamis kwenye mteremko wa mlima, mtu asiye na gari, amekaa juu ya jiwe anahema.

"Pole pole, baba," alimwambia. "Leo fika kwenye kona tu. Kesho utaongeza."

Akampita. Kitabuni Kamis alikuwa na kilo arobaini na moja, lakini mlima ule haukusoma kitabu, ukamdai mia moja na kumi na mbili zote.