Treni Isiyopoteza Dizeli kwa Kusimama

Mamlaka yetu ya Reli ina furaha kuutangazia umma kwamba treni ya dizeli ya masafa mafupi, ya bei nafuu kuliko zote, imewadia. Siri ya unafuu wake ni moja: haisimami njiani. Wataalamu waligundua kwamba dizeli nyingi huungua treni inapoondoka, na isiposimama haina haja ya kuondoka. Dizeli itakayookolewa imekwishatangulizwa kwenye mapipa uani kwa Mkurugenzi, kwa usalama. Sisi wa Kitengo cha Kubana Matumizi, ambako mimi ndiye afisa mpya kabisa, tulipiga makofi hadi viganja vikawaka moto.

Aliyenikatisha furaha ni shangazi yangu, anayefua mashuka katika hospitali iliyo jirani na kituo cha pili. Goti lake limechoka kutembea, na treni hii ndiyo aliyokuwa akiisubiri.

"Kupanda nitapandia hapa mwanzo, sawa. Na kushuka?"

"Shangazi, mradi una awamu. Awamu ya kwanza ni kupanda. Kushuka bado kunafanyiwa upembuzi yakinifu."

"Kwa hiyo goti langu lisubiri ripoti?"

"Dereva atapunguza mwendo. Abiria atajishusha."

"Mwanangu, huko chuoni mlikuwa mnalishwa nini?"

Siku ya uzinduzi nilipanda na kamati nzima, Mkurugenzi akiwa mbele. Shangazi naye akapanda, na ndoo yake ya sabuni. Kituo cha pili Waziri alikuwa akisubiri na mkasi, pembeni ya utepe na bendi.

Treni ikapunguza mwendo. Mkurugenzi akasogea mlangoni, akatazama ardhi inavyokimbia, akarudi nyuma.

"Dereva, simamisha!"

"Bosi, si ulisema breki ni ufujaji?"

"Ruka tu, baba," shangazi akamhimiza. "Koti nitakushikia."

Waziri akapita dirishani, mkasi hewani. Bendi nayo ikapita.

Kamati ikaketi kwa dharura. Mjumbe mmoja akataka kwanza ifahamike kama Mkurugenzi ni abiria au mzigo, maana mizigo ina kanuni zake. Ilipopitishwa kwamba ni mzigo, na mzigo haushushwi treni ikienda, treni ikasimama vichakani. Mkurugenzi akashuka, akateleza, goti likalia. Alirudi kituoni akichechemea, amemwegemea shangazi, na ndoo kabeba yeye.

"Abiria wetu wa kwanza!" Waziri akamkabidhi shangazi mkasi. "Mkurugenzi, treni itakuwa inasimama hapa kila siku?"

Kamera zikamgeukia. Shangazi naye akamgeukia, mkasi mkononi.

"Kila siku, Mheshimiwa."

"Basi ishike vizuri hiyo ndoo, baba," shangazi akasema, akakata utepe.

Tangu hapo mapipa yamerudi stesheni, treni inasimama kila kituo, na dizeli inatosha. Kitengo chetu bado kinachunguza inawezekanaje. Kwa bahati mbaya, gari la Mkurugenzi, ambalo nalo hunywa dizeli, limekauka na kuegeshwa. Asubuhi yeye hupanda treni kama sisi. Shangazi humpisha kiti cha karibu na mlango, kwa ajili ya goti.